Mkuu wa shule, andika meseji ambayo mzazi ataisoma

Wakuu wenzangu tusidanganyane, ile barua ya kurasa tatu mzazi haisomi. Januari tuma meseji fupi tu, tarehe ya kufungua, sare, na kama kuna mchango wa chakula, kiasi chake na siku ya mwisho ya kulipa viweke juu kabisa, sio mpaka mtu apite mistari minne ya "ndugu mzazi/mlezi". Grupu la WhatsApp lifunge waandike maadmini tu, la sivyo taarifa ya kikao inazama kwenye stika za asubuhi njema. Wenye kitochi watumie SMS ya kawaida. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa wa NECTA Novemba, kwahiyo wazazi wao anza kuwakumbusha Agosti, na matokeo ya mtoto usiyamwage grupuni jamani, mpigie mzazi.