Kundi la 10–19 lina upana wa 10, si 9

Nikisahihisha mazoezi ya takwimu, kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: mwanafunzi anaona kundi la 10–19, anatoa 10 kwenye 19, anaandika upana ni 9. Tulimalize leo kwa alama za wanafunzi 30, ya chini kabisa 12 na ya juu kabisa 58.

Hatua ya 1: Panga makundi. Tofauti ya 58 na 12 ni 46. Kanuni ya Sturges ya mwaka 1926, 1 + 3.322 log n (n ni idadi ya alama, hapa 30), inatupa makundi kama 6, yaani upana wa 8. Mimi nachagua 10 kwa sababu jedwali linasomeka kirahisi: 10–19, 20–29, 30–39, 40–49, 50–59. Hapo una uhuru. Usichokuwa na uhuru nacho ni kuandika 10–20 kisha 20–30, maana alama ya 20 haitajulikana iingie kundi lipi.

Hatua ya 2: Hesabu marudio, yaani alama ngapi zimeangukia kila kundi. Tuseme ni 4, 7, 10, 6 na 3. Jumla iwe 30, isipofika, rudia.

Hatua ya 3: Tafuta mipaka halisi. Hapa tulia. Alama zikiwa zimekadiriwa kwa namba nzima, 19.3 imeandikwa 19 na 19.6 imeandikwa 20. Kwa hiyo makundi mawili ya kwanza yanapakana kwenye 19.5, na kundi la kwanza linaanzia 9.5. Sasa toa: 19.5 − 9.5 = 10. Ukiwa bado na shaka, hesabu kwa vidole kuanzia 10 hadi 19. Utamaliza vyote kumi. Katikati ya kundi ni 14.5.

Umri una utaratibu wake. Mtu wa miaka 19 na miezi 11 husema ana 19, hakadirii kwenda juu. Basi kundi la umri 10–19 linaanzia 10 na kuishia linapogusa 20, katikati yake 15. Ukitumia 14.5, wastani wako wote unapungua nusu mwaka.

Hatua ya 4: Tumia upana huo. Mediani, yaani alama ya katikati, iko kundi la 30–39, kwa kuwa makundi mawili ya kwanza yana watu 11 na tunamtafuta wa 15, nusu ya 30:

29.5 + (15 − 11) ÷ 10 × 10 = 33.5

29.5 ni mpaka halisi wa chini wa kundi, kumi ya kwanza ni marudio ya kundi, ya pili ni upana. Ukiweka 9 kwenye upana, jibu linakuwa 33.1, na kwa macho tu halionyeshi kasoro yoyote.