Mtoto mwenye selimundu (sikoseli): pima maji kwa chupa, si kwa rangi ya mkojo
Nimeelezwa hili kliniki hapa Kampala. Figo zenye selimundu hupoteza mapema, tangu utotoni, uwezo wa kubana maji, hivyo mkojo hutoka mweupe hata mwili ukiwa umekauka. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ichore mistari kwa kalamu ya wino mzito: hapa saa nne, hapa saa saba, hapa saa kumi. Kiasi kinachofaa uzito wake waulize kliniki. Mwalimu naye aambiwe, maana ruhusa za chooni zitakuwa nyingi! Akitapika, akiharisha au akipata homa, chupa haitoshi, mpeleke hospitali. Miguu ikivimba au mkojo ukiwa na povu, daktari ndiye apange maji. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, usimpe, inaumiza figo hizo hizo.