Somo: Kukabidhi na kupokea shule ya msingi mwalimu mkuu anapobadilishwa

Walimu wenzangu, shule nyingi za serikali hapa Tanzania haziyumbi kwa sababu mkuu mpya hana uwezo. Zinayumba kwa sababu amebadilishwa katikati ya muhula na kukabidhiwa funguo tu. Ukiteuliwa, fuata hatua hizi.

1. Soma barua yako. Kuteuliwa na kukaimu ni vitu viwili. Ukiambiwa kwa mdomo "shika shika hapo kwanza", omba barua. Bila barua huna pa kushika siku ukidai posho ya madaraka, au siku mkaguzi akikuuliza ulisaini malipo kwa mamlaka gani.

2. Andaeni hati ya makabidhiano mbele ya afisa elimu kata na mwenyekiti wa kamati ya shule. Madawati myahesabu madarasani, msinakili leja. Vitabu vya kiada vihesabiwe kwa darasa na somo. Daftari la usajili wa wanafunzi, mihtasari ya vikao na madeni ya mafundi, vyote viandikwe.

3. Fedha. Hapa msiharakishe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka; Sh 6,000 hufika shuleni na zinazobaki ni za vitabu. Chukueni taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo, mlinganishe na hati za malipo na salio lililo kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule. Kisha kamati ikae, muhtasari upelekwe halmashauri, watia saini wa akaunti wabadilishwe. Mkichelewa hapo, hela ipo benki na chaki hakuna.

4. Mpango wa maendeleo wa shule ni mali ya kamati, si ya mkuu aliyeondoka. Muhula wa kwanza uendeleze.

5. Tafuta mafunzo. ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu ulioko Bagamoyo, hufundisha stashahada ya uongozi na utawala wa elimu. Kufundisha vizuri peke yake hakukuandai kusimamia bajeti.

MASWALI YA WALIMU

Swali: Mwalimu, niliyempokea kahama bila kukabidhi. Nifanyeje?
Jibu: Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa afisa elimu kata, wiki hii hii. Omba kamati iteue watu wachache mhesabu pamoja, msaini mlichokikuta na tarehe.

Swali: Nina shahada na uzoefu, kateuliwa mdogo wangu kikazi. Ni haki?
Jibu: Pole, mwalimu. Ualimu mkuu ni madaraka. Kupanda daraja ni njia nyingine, na hiyo iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Uliza vigezo kwa maandishi. Shahada si sifa pekee, lakini kwa maoni yangu vigezo vingejulikana wazi kabla ya uteuzi. Visipojulikana, hata aliyestahili anaonekana kabebwa.

Swali: Mkuu akae kituoni muda gani?
Jibu: Kwa maoni yangu, walau watoto waliofanya upimaji wa darasa la nne wamalize msingi wakiwa naye, na uhamisho usubiri Desemba. Wizi ukithibitika aondoke mara moja, ila makabidhiano yafanyike vilevile.