Kambi ya mumeo Somalia ikishambuliwa: namna ya kutafuta habari zake

Anza leo, wakati bado anapiga simu. Chukua daftari uandike jina lake kama lilivyo kwenye karatasi za jeshi, si lile la nyumbani. Andika nambari yake ya RA, yaani nambari yake ya jeshi, cheo, kikosi alichoondoka nacho kambi ya mafunzo ya Singo, na mji ilipo kambi yake. Huo mji wengi wetu hapa Bombo, Uganda, hatuujui. Tunasema tu "yuko Mogadishu", kwa sababu ndilo jina linalosikika redioni, kumbe vijana wetu, walioanza kwenda huko Machi 2007, wametawanyika hadi miji ya mkoa wa Shabelle ya Chini. Akipiga, muulize kama amehamishwa. Mambo ya kazi usiyaguse. Akiruhusiwa kutaja mji, inatosha.

Siku habari ikivuma, uliza kwanza ni wapi, halafu ni kikosi gani. Idadi ya waliokufa iweke kando, kwa maana anayewahi kuitangaza ni yule aliyeshambulia. Kambi yetu ya Bulo Marer, huko Shabelle ya Chini, ilivamiwa alfajiri ya Ijumaa, tarehe 26 Mei 2023. Al-Shabaab wakadai wameua askari 137. Sisi tulikaa na nambari hiyo vichwani hadi Jumamosi ya tarehe 3 Juni, Rais Museveni alipotangaza kuwa miili iliyopatikana ni 54. Hamsini na wanne ni watoto wa watu, na msiba ule ulikuwa mkubwa mno. Lakini zile siku nane katikati zilitesa hata nyumba ambazo mtu wao hakuwa karibu na Bulo Marer, na mateso hayo yangeepukika kama mke angejua jina la mji tu. Kambi ya Janaale nayo iliposhambuliwa, tarehe 1 Septemba 2015, hesabu za al-Shabaab na za Kampala hazikukutana.

Mpigie mumeo mara moja tu. Asipopatikana, mtumie ujumbe mfupi: "Tuko salama, tunakusubiri." Kisha acha laini yako wazi. Simu kuzimika haina maana kwamba amekufa. Rais mwenyewe alieleza kuwa Bulo Marer kuna makamanda walioamuru askari warudi nyuma. Mtu aliyetoka kambini namna hiyo atapata wapi chaji? Majeruhi nao hupelekwa Mogadishu, na walioumia sana wamewahi kusafirishwa hadi Nairobi, kwa hiyo simu yake ya kwanza huenda ikatoka kwenye nambari ngeni. Ipokee hata kama ni saa nane za usiku.

Nenda ofisi ya kikosi chake na lile daftari, ukiwa na mtu mzima mwenye moyo mtulivu, shemeji au baba mkwe. Wape nambari ya RA kabla ya jina, kwani majina hufanana. Mtu akikuambia atakutafutia habari ukimtumia pesa ya simu, usimtumie hata shilingi.

Picha za maiti zitaingia WhatsApp. Usizifungue, usizisambaze, na watoto wasishike simu yako siku hizo. Al-Shabaab hupiga picha hizo ili zikufikie wewe. Ukimtambua mume wa jirani, nakusihi, nyamaza. Kaa naye, mpikie, mchotee maji. Habari yenyewe ataletewa na jeshi.

Watoto waambie ukweli ulio nao: kumepiganwa, baba hajapiga, tunasubiri. Usiwaambie yuko salama kabla hujasikia sauti yake.

Maofisa wakija mlangoni, waombe wasome jina kamili na nambari ya RA, wewe ukiwa umeshika daftari. Zikilingana, mwache shemeji aulize yaliyobaki na kuyaandika: mwili unafika lini, nani anaufikisha kijijini, na ofisi gani inashughulikia haki za watoto. Wewe wakati huo lia.