Jinsi ya kujua protini yako inakaa wapi kwenye ubongo wa panya

Wanafunzi wanaoanza utafiti hapa Nairobi huniuliza sana, jina la protini ninalo, sasa ntajuaje iko sehemu gani ya ubongo? Mimi natumia antibodi, yaani kingamwili. Unakata ubongo vipande vyembamba, antibodi inaenda kushika protini yako, alafu rangi inakuonyesha imeshika wapi. Ntatumia mfano wa tairosini haidroksilesi, tuite TH, kimeng'enya cha kutengeneza dopamini, manake ramani yake inajulikana vizuri kwa hivyo ukikosea utaona.

Kwanza makaratasi: kibali cha kamati ya maadili ya wanyama ya chuo chako na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Bila hizo usiguse panya. Antibodi iagize mapema, na ikifika igawe kwenye vichupa vidogo vya maikrolita 10, kuigandisha na kuiyeyusha kila mara kunaiua. Usiweke vyote friza moja, stima ikipotea usiku mzima utalia.

Hatua ya 1, toa damu. Panya akishalala fofofo kwa dawa (mfinye kidole cha mguu, asishtuke kabisa) pitisha PBS (maji ya chumvi yenye bafa) kupitia ventrikali ya kushoto ya moyo mpaka ini lipauke, ndo ufuatishe paraformaldehaidi ya 4%, dawa ya kukausha tishu isioze, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Usiharakishe hapa. Damu ikibaki kwenye mishipa itashika rangi baadaye na utadhani ni matokeo.

Hatua ya 2. Ubongo ulale usiku mmoja kwenye hiyo paraformaldehaidi, nyuzi 4, alafu uhamishie kwenye sukrosi ya 30%. Mwanzoni utaelea, ukizama chini uko tayari kugandishwa.

Hatua ya 3, kata. Kwa kriostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa), maikroni 40. Panga visima sita, kipande cha kwanza kisima cha kwanza, cha pili cha pili, ukifika sita unarudi mwanzo. Ukimaliza, kila kisima kina ubongo mzima kutoka mbele hadi nyuma, kipande kila baada ya maikroni 240, kwa hivyo unaweza kupaka rangi kisima kimoja tu na ramani ikawa kamili, na vitano vinabaki kwa kontroli (vipande vya kulinganishia) na protini zingine. Watu wengi wanatupa vyote chupa moja alafu wanatumia wiki nzima kutafuta mpangilio.

Hatua ya 4, rangi. Osha na PBS mara tatu. Haidrojeni peroksaidi kidogo kuua peroksidesi ya damu, osha tena, alafu seramu ya 5% yenye Triton ya 0.3% (sabuni ya kufungulia antibodi njia) saa moja, seramu iwe ya mnyama aliyetoa antibodi ya pili. Antibodi ya kwanza usiku mzima nyuzi 4, jaribu kuizimua 1:500, 1:1000 na 1:2000 usichague moja kwa kubahatisha. Kesho yake antibodi ya pili, ile inayoshika ya kwanza na kubeba peroksidesi, alafu DAB, kemikali ambayo peroksidesi huigeuza rangi, mpaka kahawia itokee. Vaa glavu, DAB inashukiwa kuleta saratani.

Hatua ya 5, kontroli, na hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wangu wa kwanza nilipata hipokampasi ya kahawia nzuri sana, nikaionyesha kila mtu, alafu nikapaka vipande bila antibodi ya kwanza na vikatoka vilevile. Antibodi yangu ya kwanza ilikuwa ya panya, na ya pili ilikuwa inashika kingamwili za panya mwenyewe zilizobaki kwenye damu. Sasa sianzi bila kontroli hiyo. Lakini haitoshi, inapima antibodi ya pili tu. Kontroli bora ni panya asiye na jeni ya protini hiyo, ila kwa TH hutampata mkubwa, hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Basi tumia antibodi nyingine inayoshika sehemu tofauti ya protini hiyohiyo, au panya aliyeuliwa nyuroni za dopamini upande mmoja kwa 6-haidroksidopamini, upande huo rangi ipotee na mwingine ibaki.

Hatua ya 6, ramani. Piga picha zote kwa mwanga uleule, zipange kwa QuPath ambayo ni ya bure, alafu linganisha na Allen Mouse Brain Atlas, nayo bure. Ila kumbuka ile atlasi inaonyesha zaidi mRNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, si protini yenyewe. mRNA ya TH utaikuta kwenye miili ya nyuroni, sabstansha naigra kwa mfano, sehemu ya ubongo wa kati. Protini yenyewe inasafirishwa kwenye aksoni (nyuzi ndefu za nyuroni) mpaka striatamu, sehemu ya mbele ya ubongo, kwa hivyo striatamu yako itakuwa kahawia nzito wakati atlasi inaonyesha karibu hakuna kitu, na zote mbili ni sahihi. Ukiona naigra imeshika lakini striatamu ni nyeupe, rudia Triton na muda wa antibodi kabla hujaandika chochote.