Wosia usije ukaishia kufungia maandazi, uandike hivi

Babu mzaa mama aliandika wosia kwenye kaunta buku, mwandiko safi kabisa, shamba la nani, nyumba ya nani, hadi baiskeli kaitaja. Sasa chini kwenye mashahidi wakasaini wajomba zangu wawili, na nyumba wamepewa haohao! Mama mkubwa aliuliza swali moja tu mahakamani, anayepewa nyumba anakuwaje shahidi, wosia wote ukaanza kuyumba.

Kwa hiyo kabla hujashika kalamu jua kwanza sheria ipi inakuhusu, maana huku Tanzania bara tuna ya kimila, ya Kiislamu na ya serikali. Kama we ni Muislamu na unafuata dini yako, unausia mwisho theluthi moja, tena kwa mtu asiye mrithi, ukitaka kumuongezea mrithi mmoja mpaka wenzie waridhie. Hapo hamna ujanja.

Wa kimila wanafuata tangazo la serikali la 1963 lililoandika sheria za mila, na humu ndo watu wanapoteleza sana. Unajua kusoma na kuandika? Tafuta mashahidi wawili nao wawe wanajua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo mmoja baki. Hujui? Basi wanne, wawili wa ukoo wawili baki, we unaweka dole gumba. Wosia wa mdomo nao ni wanne hivyohivyo. Mke au wake waliopo nyumbani siku hiyo nao washuhudie, na anayepewa kitu asiwe shahidi, mwambie akachemshe chai. Tumia kalamu ya wino, penseli achana nayo, weka tarehe, saini mbele yao wote wakiwa wamekaa hapo, sio unampelekea mmoja kanisani mwingine sokoni.

Kingine, usigawe kisicho chako. Nyumba mliyojenga na mkeo unausia fungu lako tu, lake liache. Na kama unafuata mila na unataka kumnyima mtoto urithi, andika sababu, na iwe nzito kweli kama kujaribu kukuua au kukutelekeza ukiwa mgonjwa, sio "hanisalimii", halafu naye apewe nafasi ya kujitetea, maana ukimruka kimyakimya ndo umempa kesi.

Ukibadilisha mawazo andika mpya na useme wa zamani umeufuta. Yule atakayesimama msibani aseme mzee aliniambia kwa mdomo wiki iliyopita, huyo hawezi kufuta ulioandikwa.

Taja na msimamizi, ila jamani msimamizi sio mrithi mkuu!! Kazi yake kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na akiteuliwa mahakama ya mwanzo ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na hesabu. Ukoo wetu ulidhani akishapewa ile fomu ya usimamizi basi viwanja vyote vyake, na yeye mwenyewe alidhani hivyohivyo.

Mwisho kutunza. RITA, wale wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, wanapokea wosia na kuutunza, wakili pia, benki pia, ila watu wawili watatu wajue uko wapi. Ile kaunta buku ya babu ilikuwa ndani ya kasha la vyombo, na ufunguo alikuwa nao mmoja wa wale wajomba.