Kupumua Ukipanda Menengai: Anza na Kutoa Hewa

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Menengai, volkeno iliyo karibu na mji huo, unakaribia mita 2,280. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hivyo utahema hata ukiwa na mazoezi ya kutosha. Kinachowaangusha wengi ni kuvuta harakaharaka kabla ya kutoa. Hewa ya zamani hubaki mapafuni, pumzi mpya inaingia fupi, mabega yanapanda na shingo inakaza.

Jifunze ukiwa umelala chali. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde nne. Wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa polepole kwa sekunde sita, midomo ikiwa imebanwa kidogo. Hizo ni pumzi sita kwa dakika; fanya dakika tano kila jioni. Shika mshipa wa kifundo cha mkono: mapigo yanaharakisha ukivuta, yanapungua ukitoa. Si ugonjwa. Ni neva ya vagasi inayotuliza moyo, na kutoa kwa muda mrefu huipa nafasi zaidi.

Barabarani, mbio nyepesi: hatua tatu kuvuta, tatu kutoa. Mlimani: mbili kwa mbili, pua na mdomo pamoja. Kung'ang'ania pua peke yake kwenye mwinuko ni kujitesa bure. Ukishindwa kuhesabu, umezidisha kasi, punguza.

Kichomi kikikushika ubavuni, tembea, inama mbele kidogo, bonyeza palipo na maumivu na utoe hewa yote. Mara nyingi hutokana na kukimbia muda mfupi baada ya kushiba ugali, basi subiri saa mbili au tatu.

Usihemeheme makusudi kabla ya mbio ukidhani unajaza oksijeni. Damu tayari inabeba karibu yote inayoweza. Unachopoteza ni kaboni dioksidi, mishipa ya ubongo inasinyaa, unapata kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Kwa vijana wa Kisumu wanaopiga mbizi ziwani ni hatari kabisa: hamu ya kupumua huchelewa, na mtu huzimia chini ya maji bila dalili.

Kwenye vyuma, toa hewa unaponyanyua. Ukiibana, shinikizo la damu hupanda ghafla, na mwenye presha asithubutu.

Ukimaliza mbio usiketi mara moja. Tembea dakika tano hadi kumi, ukitoa hewa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta. Ukisikia kifua kinabana au maumivu yanashuka mkononi, acha mazoezi uende hospitali mara moja.